Sanda na Turubai: Nguo ya Lubugo katika Uchoraji wa Michael Armitage

Kuna mfano ambao karibu kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili amewahi kuunakili daftarini mwake: kwamba fani ni kikombe na maudhui ni chai. Mfano huo umepingwa mara nyingi, na badala yake ukaletwa ule wa sura mbili za sarafu. Lakini haujafa, kwa sababu ni mwepesi na unafundishika. Ubaya wake ni kwamba humfanya msomaji aamini kuwa chai hubaki ileile hata ikimiminwa katika bakuli. Makala haya yanautoa mfano huo nje ya darasa la fasihi na kuuweka mbele ya kazi za mchoraji, kwa kuwa huko kosa lake huonekana kwa macho. Mchoraji mwenyewe ni Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, akasomea London katika shule ya sanaa ya Slade na baadaye katika shule za Royal Academy, na ambaye tangu mwanzo wa miaka ya 2010 amekuwa akichora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, yaani nguo ya gome la mti inayotengenezwa Uganda. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba katika kazi zake bora kikombe kimeingia ndani ya chai hata havitenganishiki; na kwamba katika kazi zake nyingine, ambazo zimesifiwa kwa kiwango kilekile, lubugo imebaki kuwa kikombe tu, tena kile cha kabatini kinachotolewa wageni wakifika.

Nguo na safari yake

Ni vyema kuanza na nguo yenyewe, maana wahakiki wengi huitaja katika sentensi moja kisha wakaiacha. Lubugo hutokana na gome la ndani la mti uitwao mutuba, ambao ni wa jamii ya mikuyu. Katika Buganda, ufundi huu umekuwa mikononi mwa mafundi wa ukoo wa Ngonge, wakiongozwa na fundi mkuu wa kurithi aitwaye kaboggoza. Gome huvunwa wakati wa mvua. Mti haukatwi, shina lililobanduliwa hufungwa majani ya mgomba mpaka lipone na kuota gome jingine, na hivyo mti mmoja huweza kuvisha watu kwa miaka mingi. Gome hilo hupondwa kwa nyundo za mbao za aina mbalimbali, ndani ya kibanda kilicho wazi pande zote ili lisikauke upesi, hadi linapanuka, linalainika na kuwa nguo yenye rangi ya udongo wa mfinyanzi. Watu wa kawaida waliivaa hivyo. Ile ya wafalme na watemi ilitiwa rangi, nyeupe au nyeusi, na kuvaliwa kwa namna tofauti ili cheo kionekane. Ilivaliwa katika kutawazwa, katika uganga na katika mikusanyiko ya kijamii. Na ilikuwa sanda. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa miongoni mwa hazina za urithi usioshikika wa binadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa rasmi katika orodha yake.

Swali ambalo msomi wa Kiswahili hawezi kulikwepa ni hili: nani aliiondoa lubugo miilini mwa watu? Jibu halimpendezi. Ilikuwa misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, iliyofika Buganda katika karne ya 19 ikiwa na vitambaa vya pamba. Nguo hizo zilikuja na majina yake ya Kiswahili: merikani, iliyobeba jina la nchi ilikofumwa, na kaniki, iliyotiwa rangi ya giza. Pamba ilikuwa laini, ilifulika, na ilivaliwa na watu wenye bunduki. Lubugo ikarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ikabakiwa na mahali pawili ambapo pamba haikuweza kuingia kirahisi, nazo ni madhabahu na kaburi. Kwa hiyo lugha hii hii inayotumiwa leo kuihakiki lubugo iliingia Buganda pamoja na bidhaa iliyoishinda. Jambo hilo halimzuii mhakiki kusema. Linamnyima tu haki ya kusema kama mtu asiyehusika.

Armitage aliikuta lubugo mwaka 2010, si Buganda bali Nairobi, katika soko la vitu vya watalii, ikiwa imekatwakatwa vipande vya kuwekea vyombo mezani. Sanda imekuwa kitu cha kuzuia glasi isiache alama ya maji juu ya meza. Mwandishi wa tashtiti angelitunga tukio kama hilo, angeambiwa ametia chumvi. Ni muhimu kulikumbuka soko hilo, kwa sababu hutokea wahakiki wakazungumza kana kwamba mchoraji alikabidhiwa nguo hii na wazee chini ya mti. Aliinunua ikiwa tayari imeshavuliwa maana yake. Kazi yake tangu hapo inaweza kusomwa kama jaribio la kuirudishia nguo hiyo uzito iliokuwa nao, bila kudai kuwa yeye ni mrithi wake.

Rangi

Katika Kiswahili sifa za rangi zenye mashina yanayokubali viambishi vya ngeli ni tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine nyingi tunaziita kwa majina ya vitu, na sehemu kubwa ya vitu hivyo ni mimea na viungo: manjano ni bizari, kijani ni jani, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, kijivu ni jivu, na nili na hina ni rangi zenyewe kabla hazijawa majina ya rangi. Yaani mtu anayetaja rangi kwa Kiswahili anataja, mara nyingi bila kujua, kile ambacho kingeweza kuchemshwa, kutwangwa au kupakwa ili kuipata rangi hiyo. Ni lugha iliyohifadhi ndani yake duka zima la mtia rangi nguo.

Sasa itazamwe lubugo. Nyekundu ya udongo kwa watu wote. Nyeupe na nyeusi kwa wakubwa. Rangi zake tatu ndizo zile tatu ambazo sarufi yetu imezipa hadhi ya sifa kamili. Haitafaa kujenga nadharia nzima juu ya ulinganifu huu, kwa kuwa lugha nyingi duniani huanza na rangi hizo hizo. Lakini unasaidia kueleza jambo ambalo jicho huliona katika kazi za Armitage kabla ya akili kulipatia jina. Katika picha zake kuna tabaka mbili za rangi zisizotoka ulimwengu mmoja. Ya chini ni ile ya gome, wekundu mzito usiotoka katika kopo lolote. Juu yake ndipo yanapokuja manjano makali, urujuani, kijani cha majimaji na waridi, rangi za mafuta zilizonunuliwa dukani, zikipakwa nyembamba kiasi kwamba ile ya chini hupenya. Ngozi za watu anaowachora mara nyingi ni lubugo yenyewe iliyoachwa ionekane au kufunikwa kidogo tu. Hapo ndipo mfano wa kikombe na chai unapovunjika kwa mara ya kwanza. Mwili wa mhusika haukupakwa juu ya nguo. Umetolewa ndani ya nguo, na nguo hiyo ni ya kuzikia.

Matundu na mishono

Turubai la kawaida la mchoraji ni tambarare na linanyamaza. Lubugo hainyamazi. Ina matundu pale gome lilipokuwa na jicho la tawi, ina makunyanzi, na kwa kuwa kipande kimoja hakitoshi picha kubwa, vipande hushonwa pamoja na mshono huonekana kama kovu. Mchoraji angeweza kuyaziba yote haya. Armitage ameamua kuyaacha, na kila picha yake imelazimika kupatana nayo: tundu linatokea katikati ya anga, mshono unapita shavuni mwa mtu.

Wanaolijua shairi la Kiswahili watalielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Mshairi wa tarbia hakuchagua kuwa mshororo uwe na mizani kumi na sita, aliukuta hivyo. Kina kikimfikisha kwenye neno ambalo hakulikusudia, ana njia mbili: kulichomeka neno lolote linaloitika ilimradi kina kitimie, au kulikubali neno hilo limbadilishe wazo. Mashairi mabovu yote ni ya njia ya kwanza. Matundu ya lubugo ni vina vya Armitage. Swali la kuulizwa mbele ya kila picha yake ni lilelile analouliza mhakiki wa ushairi: je, tundu hili limembadilisha wazo, au limechomekwa?

Picha inayojibu vizuri zaidi ni #mydressmychoice ya mwaka 2015. Chanzo chake ni tukio linalojulikana na kila mkazi wa Nairobi. Mnamo Novemba 2014 mwanamke mmoja alivuliwa nguo na kundi la wanaume katika kituo cha matatu katikati ya jiji, eti mavazi yake hayakuwa ya heshima; tukio likarekodiwa kwa simu na kusambazwa. Tarehe 17 Novemba wanawake waliandamana jijini, na kabla ya mwaka kwisha sheria ya jinai ilikuwa imeongezewa kifungu kinachoadhibu kumvua mtu nguo kwa nguvu kwa kifungo kisichopungua miaka kumi. Jina la picha ni kaulimbiu ya maandamano hayo, pamoja na alama yake ya mtandaoni.

Armitage hakuchora kituo cha matatu. Amemchora mwanamke aliyelala uchi akimpa mtazamaji mgongo, katika mkao ulioazimwa waziwazi kutoka kwa Venus wa Velázquez anayejitazama kwenye kioo, picha ya karne ya 17 iliyoko London. Ng'ambo yake imesimama miguu ya wanaume. Wao wanamtazama kutoka upande mmoja. Mtazamaji wa picha anamtazama kutoka upande wa pili. Mduara umefungika, na aliyeingia kwenye ukumbi wa sanaa kutazama uchi uliohalalishwa na historia ya uchoraji anajikuta amesimama katika kituo cha matatu, akiwa amejaza nafasi iliyokuwa wazi. Tashbihi hii ya miguu haihitaji maelezo marefu.

Lakini uzito wa picha hautokani na mkao ule pekee. Velázquez alichora juu ya kitani, na kitani kile nacho kina historia: mwaka 1914 Mary Richardson, mmoja wa wanawake waliokuwa wakipigania haki ya kura Uingereza, aliikatakata picha hiyo kwa kisu, akipinga kukamatwa kwa Emmeline Pankhurst. Mafundi waliiziba mikato hiyo hata isionekane. Lubugo ya Armitage imekuja na mikato yake tangu mtini, na hakuna aliyeiziba. Zaidi ya hayo, habari inayosimuliwa ni ya mtu aliyenyang'anywa nguo, na imesimuliwa juu ya nguo. Mwanamke aliyevuliwa hadharani ametandikiwa kitu ambacho kazi yake ya mwisho, kwa walioitengeneza, ni kusitiri. Je, amesitiriwa au amezikwa? Picha haijibu, na haitakiwi kujibu. Kinachotosha kusemwa ni kwamba picha hiyo hiyo, mkao uleule na rangi zilezile, ikichorwa juu ya turubai la duka, ingepoteza swali hilo lote na kubaki kejeli ya kisomi juu ya Velázquez.

Hapa kanga inadai nafasi yake. Kila kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, ile sentensi fupi iliyochapwa chini ya mji ambayo mvaaji humwambia mtu bila kufungua kinywa. Utani wa Waswahili, ugomvi wao na mapenzi yao yamepita katika nguo hii kwa zaidi ya karne moja. Armitage anaonekana kulijua hilo, maana majina ya baadhi ya picha zake hufanya kazi ya jina la kanga. Nasema Nawe, ya mwaka 2016, ina jina la wimbo wa Diamond Platnumz na Khadija Kopa, na mtu wa pwani akilisikia jina hilo hugeuka kuangalia nani anasemwa. Mkokoteni, ya mwaka 2019, ni neno moja tu, lakini ni neno lenye magurudumu, jasho na matusi ya barabarani ndani yake. Kaulimbiu ya Novemba 2014 nayo, ingawa ni ya Kiingereza, ilivaliwa kama kanga: ilitoka mwili mmoja hadi mwingine, fupi, yenye kuuma. Tofauti ni kwamba kanga husema kwa maneno na kwa hiyo huhitaji msomaji wa lugha. Lubugo husema kwa kugusa, na huhitaji msomaji wa nguo. Msomaji wa namna hiyo ni nani? Swali hili litarudi.

Umati

Mwaka 2017, kuelekea uchaguzi mkuu wa Kenya, Armitage alifuatana na wanahabari hadi kwenye mkutano wa upinzani katika bustani ya Uhuru Park. Kutokana na siku hiyo ulizaliwa mfululizo wa picha zilizoonyeshwa Venice mwaka 2019. Mojawapo ya zilizotokana na mkutano huo ni The Fourth Estate ya mwaka 2017. Watu wamepanda juu ya mti ili waone mkutano vizuri. Umbo la tawi lililojaa watu limetoka katika mchoro wa Goya wa watu waliokaa juu ya tawi kavu. Hapa napo nguo inafanya kazi. Umati umepanda mti, na mti ule umechorwa juu ya gome la mti. Tawi linalobeba matumaini ya watu lina uzito wa kweli, na kwa Goya lilikuwa tawi la kuvunjika. Hakuna anayeanguka bado. Mwaka 2017 hakuna aliyekuwa ameanguka bado, siku ile.

The Promised Land ya mwaka 2019 ni kubwa zaidi na inasifiwa zaidi, lakini ni dhaifu zaidi. Ina kila kitu: umati, fujo, mandhari ya ndoto, rangi zinazogongana. Kilichokosekana ni haja ya lubugo. Matundu yapo, mishono ipo, lakini mtu akiyaondoa kwa kuwaza tu, picha haibadiliki. Ni vina vilivyochomekwa. Inawezekana ukubwa wenyewe ndio uliosababisha: kadiri vipande vinavyoshonwa vingi, ndivyo kila kipande kinavyopoteza sauti yake, na nguo ikarudi kuwa mahali pa kupaka rangi. Curfew (Likoni March 27 2020), iliyochorwa mwaka 2022 juu ya siku ambayo polisi waliwapiga na kuwarushia gesi abiria waliokuwa wakisubiri feri kabla ya kafyu kuanza, inalirudia kosa hilo kwa kiasi fulani, ingawa wingi wa miili iliyosongamana unairudishia nguo uzito mahali mahali. Inafaa pia kusema wazi kwamba kuna picha ambamo Goya, Gauguin na Titian wameazimwa wote kwa pamoja hata umati wa Nairobi ukaanza kufanana na wageni walioalikwa kwenye karamu yao.

Umati huo ulikuwa wa nani? Sehemu kubwa ya waliojaza mikutano ya upinzani Nairobi kwa miaka mingi hutoka Kibera na mitaa inayoizunguka. Mmoja wa mitaa hiyo ni Nyayo Highrise.

Highrise

Jina lenyewe ni kipande cha historia. Nyayo ni kaulimbiu ya Daniel arap Moi, aliyeshika urais mwaka 1978 akiahidi kufuata nyayo za Jomo Kenyatta, na neno hilo likabandikwa kwenye viwanja, mabasi, hospitali na majumba. Highrise ni neno la msanifu majengo. Majengo hayo ya ghorofa yalisimamishwa pembeni mwa Kibera, na tangu mwaka 2013 jina lao ni la wadi nzima katika jimbo la Lang'ata, wakati sehemu kubwa ya Kibera iko ng'ambo, katika jimbo la Kibra. Mkazi wa ghorofa ya juu akifungua dirisha la upande mmoja anaona bahari ya mabati. Wa mabati akiinua macho anaona nguo za ghorofani zikikauka.

Huko Kibera nako kuna wachoraji, na uchoraji wao ulianzia mahali tofauti kabisa na soko la watalii. Maasai Mbili ni kundi lililoanzishwa na Otieno Gomba na Otieno Kota, waliokuwa waandishi wa mabango ya biashara: vinyozi, hoteli, maduka ya dawa. Jina lilitokana na mbinu yao ya kupata wateja. Walivaa shuka za Kimaasai wakipita mitaani ili watazamwe, na watu wakawaita Wamaasai wawili, ingawa jina Otieno halimpotoshi Mkenya yeyote. Hao nao walianza sanaa kwa nguo. Lakini kwao nguo ilikuwa vazi la mzaha, la kuingilia sokoni. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kibera ilipokuwa ikiungua, mchoraji mwingine wa huko, Solomon Muyundo anayejulikana kama Solo 7, alizunguka akiandika maneno ya amani juu ya kuta, malango na mabati, mahali pengi kiasi kwamba maandishi yale yakawa sehemu ya mandhari. Ukuta ulioungua nusu, ukiandikwa neno la amani, ni fani au maudhui? Mtu aliyeuandika hakuwa na haja ya kuuliza.

Kuwalinganisha wachoraji hawa na Armitage kwa ustadi wa mkono hakutamtendea haki yeyote. Ulinganisho wenye faida ni wa hadhira. Ukuta wa Solo 7 ulisomwa na waliokuwa wakipita huku wameshika mapanga, na usomaji wao ulikuwa na matokeo siku ile ile. Lubugo ya Armitage ilisomwa Venice, kisha Munich katika jumba la Haus der Kunst mwaka 2020, kisha London mwaka 2021, na waliokuwa wakiisoma walihitaji kibandiko ukutani kuwaambia kuwa nguo hii ni sanda. Sitiari inayohitaji kibandiko haijawa sitiari bado. Ni haki hata hivyo kusema kwamba mchoraji mwenyewe anaonekana kusumbuliwa na jambo hili. Katika maonyesho yale ya Munich na London aliwapa nafasi watangulizi wake wa Afrika Mashariki, wakiwemo Elimo Njau, Theresa Musoke, Jak Katarikawe, Asaph Ng'ethe Macua, Meek Gichugu na Sane Wadu, chini ya jina la Kiswahili, Mwili, Akili na Roho. Na taasisi ya sanaa aliyoianzisha Nairobi ilifungua milango yake Januari 2022, ikianza na maonyesho ya kazi za Sane Wadu. Ilifungua katika jengo la maduka la Rosslyn Riviera, kwenye barabara ya Limuru, upande wa pili wa jiji kutoka Highrise.

Pana mchoraji mwingine anayefaa kuingizwa hapa kama kipimo, naye ni Rosemary Karuga, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2021. Alisoma sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, akawa mwalimu wa shule ya msingi kwa muda mrefu, na aliporudi kwenye sanaa katika miaka ya 1980 hakuwa na fedha za kununua rangi. Alichukua makaratasi ya pakiti za unga na ya sabuni, akayakata vipande vidogo mno, akayabandika kwa gundi mpaka yakatoka kuku, ng'ombe, wanawake wakizungumza. Mwaka 1990 kazi zake zilikuwa New York, katika Studio Museum ya Harlem, akiwa mwanamke pekee kati ya wasanii wa Afrika walioonyeshwa.

Karuga hakutafuta karatasi yenye maana kubwa. Alitumia iliyokuwapo baada ya ugali kupikwa. Rangi zake ni za kiwanda cha uchapaji, si za mmea wala za jua, na kwa maana hiyo si asilia hata kidogo. Lakini asili yake haina utata, kwa kuwa kila aliyeiona picha yake Kenya alishawahi kuishika malighafi hiyo kwa mkono. Nguo ya Armitage ina kina kirefu zaidi cha historia na giza zaidi ndani yake. Karatasi ya Karuga ina wasomaji zaidi. Mwenye kudai kuwa la kwanza ni sanaa na la pili ni ufundi wa mikono atakuwa amekiweka kikombe juu ya chai kwa mara nyingine.

Mkazi wa Highrise anayetaka kuziona kazi za Armitage leo, kwa kawaida huziona kwa simu. Hapo hutokea jambo ambalo lingepaswa kumtia wasiwasi kila mwenye kuamini nguvu ya lubugo. Kioo cha simu hulainisha. Tundu huwa doa, mshono huwa mstari, wekundu wa gome huwa kahawia tu kati ya rangi nyingine. The Promised Land hupita salama katika kioo hicho, kwa kuwa haikuwa imeitegemea nguo yake. #mydressmychoice haipiti, kinachobaki ni mwanamke uchi na miguu ya wanaume kwenye simu, yaani kile hasa kilichosambazwa Novemba 2014. Na kuku wa Karuga, kwenye simu hiyo hiyo, hupoteza kidogo sana, kwa sababu mtazamaji ana pakiti ya unga jikoni, na vidole vyake vinaijua karatasi ile.